Mulango wa Nyuma wa Parki ya Michezo

Jumapili, 29 juni

Shule imefunga na joto imefungua. Mabati ya Mbugangari, mutaa yetu hapa Gisenyi, inalia mchana kama sufuria tupu juu ya moto, na vumbi ya Goma inavuka mupaka bila kuonyesha karatasi. Mimi Vénuste wa viti, mwenye ndoa zote za huu muji zimekaa juu ya viti vyangu vya kukodisha, sijaona kiangazi kama hii.

Baada ya misa nilipita kwa dada yangu mudogo, Umurerwa. Watoto wake wawili walikuwa wameinamia telefone. "Mujomba, kuja uone," Shyaka, yule mukubwa, akaniita. Ilikuwa ile parki ya michezo ya Kigali. Gurudumu refu kuliko kanisa inazungusha watu hewani, treni kadogo ya watoto, vijana wanateleza wanaanguka ndani ya maji. Igihozo, yule wa miaka tisa, alisogea karibu. Aliweka kidole juu ya gurudumu na akakiacha pale.

"Mujomba, we ulifika huko?" Shyaka akauliza.

"Kufika? Nani alipeleka viti siku ya kuifungua? Chef wa pale ananiita muzee."

Kweli, viti vyangu vilifika Kigali mara moja, kwa ndoa ya mutoto wa komanda. Kutoka pale, mutu akipanda juu ya gari angeiona ile parki, kama macho yake ni mazuri. Kwangu mimi hiyo ni kufika.

"Basi utatupeleka," Igihozo akasema. Hakuuliza. Alisema.

Nikaona Umurerwa ameacha kuosha sahani.

Niandike hii pia. Yule mutoto, Igihozo, alizaliwa na ugonjwa wa damu. Kwa lopitali wanaiita SS, na sisi pia tunasema SS, juu jina fupi haishtue majirani. Akichoka sana, akipigwa na jua ao na baridi, mwili ikikauka maji, mifupa inaanza kumuuma mpaka analia kama mutu anayechapwa. Tumemulaza lopitali mara nyingi.

Jumanne, 1 juli

Sikukuu ya uhuru. Joto. Nilinyoosha viti vyenye miguu ilipinda.

Jumapili, 6 juli

Umurerwa alikuja mwenyewe, bado na kitambaa ya kubebea nyanya juu ya kichwa.

"Kaka, unisaidie. Igihozo kila siku ananiuliza tutavaa nini."

"Atavaa ile robe ya njano."

"Sikuulize robe. Nauliza jua. Nauliza watu. Vakanse hii ya shule Kigali yote iko pale. Jirani alipeleka wake, walisimama kwenye mustari mpaka mutoto akajikojolea."

"Walisimama juu hawajuane na mutu. Mi naingia mulango wa nyuma."

"Mulango gani?"

"Wa wafanyakazi. Napigia Bahizi, chef wa pale, anatuma kijana, anafungua. Ndani kuna miti, kuna kivuli kama kule Nyundo nyuma ya kanisa. Mutoto anakaa, anakunywa fanta yake, anapanda gurudumu mara moja, tunarudi. Hata jua haitamuona."

Jina Bahizi ilitoka kinywani yenyewe. Nilipoisikia nikaipenda. Ni jina ya mutu mwenye funguo nyingi.

Umurerwa anavuka kila asubuhi kwenda Goma na mboga kichwani, na wale wa duane, wa ushuru wa mupaka, hawajawahi kumudanganya. Lakini mimi njo nilimulea tangu baba alikufa kule Masisi. Akaniangalia muda.

"Kaka, kama huo mulango iko, sawa. Kama haiko, uniambie leo. Sitakasirika."

Nikasema iko.

Jumatano, 9 juli

Umurerwa alichelewa Goma, watoto wakashinda kwangu. Joto ya kukaanga yai juu ya kiti cha plastiki. Shyaka akaanza kulilia kiu kama mutoto mudogo, nikawapa ile hadisi ya Masisi. Vile nilitembea kwa miguu mpaka Sake, jua juu, bila tone ya maji, na kijiwe ndani ya shavu. Kijiwe inadanganya koo. Nikaongeza simba. Masisi haina simba, lakini wao hawakuwa na shida na hiyo.

Shyaka alicheka sana. Igihozo hakucheka.

"Kijiwe ya namna gani, mujomba?"

"Laini. Ya mutoni."

"Na hukulia?"

"Mwanaume wa safari halie na hanywe. Anafika."

"Na musichana?"

"Musichana wa damu yangu ni vilevile."

Alipenda hiyo. Aliirudia midomoni mpaka mama yake akaja.

Jumapili, 13 juli

Tumeweka tarehe. Jumamosi zote viti viko kwa ndoa, isipokuwa tarehe ishirini na sita.

"Hiyo ni umuganda," muke wangu Epiphanie akasema. Alikuwa anachagua maharagi, hakuinua kichwa.

Na njo kweli. Jumamosi ya mwisho ya mwezi inchi yote inatoka na majembe kufanya kazi ya pamoja, na asubuhi ile gari haitembei. Kila mutu anajua. Mi pia nilijua, nilikuwa tu sijaifikiria.

"Tutaondoka alfajiri," nikamuambia. "Wakati wanachukua majembe, sisi tuko Kigali tunakunywa chai kwa Bahizi."

"Vénuste, huyu Bahizi wako anafanana namna gani?"

"Mufupi. Mweusi. Anapenda kucheka."

"Ah. Mi nilifikiri atakuwa murefu."

Akarudi kwa maharagi yake. Huyu mwanamuke angekuwa jaji, Rwanda yote ingekuwa gerezani.

Ijumaa, 18 juli

Umurerwa amemupeleka Igihozo kuchukua dawa ya kila mwezi. Enfirmiye, muuguzi wa pale, hakukataza safari. Alisema: maji, maji, maji. Asingoje kusikia kiu. Asikae juani. Akisema anaumwa, muamini. Umurerwa ameniambia hayo mara mbili, na mara ya tatu akamutuma Shyaka kuniambia. Mi si kiziwi.

Jumamosi, 19 juli

Ndoa mbili. Mabwana-arusi wote wawili walitoka jasho kama wezi.

Alhamisi, 24 juli

Dada Verediane, binti ya shangazi yetu wa Goma, amepiga simu. Amesikia kuna safari. Nikamuambia kuja, nafasi iko, mi sikatae mutu. Hawezi kuvuka ijumaa juu iko na bidhaa sokoni. Atavuka jumamosi, mupaka ikifungua tu.

"Lakini ikifungua kutakuwa kumekucha," Epiphanie akasema.

"Tutamungoja kidogo."

"Na umuganda?"

"Régis anajua kukimbiza gari."

Régis ni dereva wa twegerane, ile minibus ndogo. Nilimuambia pia kuhusu mulango wa nyuma. Akasema basi ataegesha pale pale. Watu wengi sana wanaujua huo mulango sasa. Sikuweza tena kuufunga.

Jumapili, 27 juli. Kigali, koridoo ya lopitali

Nataka niiandike kama ilivyokuwa, kabla kichwa yangu haijaanza kuitengeneza.

Tulikuwa ndani ya gari kungali giza. Igihozo na robe ya njano. Nikasema akae mbele, kati ya mimi na Régis, aone barabara. Umurerwa akasema anataka kumuweka karibu naye. "Dada, mutoto iko na mujomba wake," nikasema, na watu wakacheka, na akaenda kukaa nyuma kabisa. Alimupa Igihozo chupa kubwa ya maji. "Kila tukipita kijiji, unakunywa. Umesikia?" Akasema ndiyo.

Tukamungoja Verediane kwa mupaka. Jua ikatoka. Foleni ya watu wa Goma ilikuwa ndefu, kila mutu na muzigo wake, na Verediane akatokea karibu wa mwisho, anacheka, na kapu ya mikate. Régis aliangalia saa na akawasha gari.

Alikimbiza kweli. Nyundo, Mukamira, Musanze. Kila kijiji watu walikuwa wanatoka na majembe na makoleo. Mbele ya Musanze kidogo, mahali barabara inakata katikati ya mashamba, kiongozi mwenye filimbi akainua mukono.

"Muteremuke mufanye kazi, ao mungoje."

Nikashuka. Nikamuambia mi najuana na wakubwa. Akaniuliza wakubwa gani. Nikataja mumoja. Akanipa jembe.

Tulilima mutaro mpaka wakamaliza na mukutano wao. Wanawake walibaki na gari, jua imeingia mpaka chini ya viti. Niliporudi Igihozo alikuwa amekaa palepale mbele, midomo mikavu, na chupa juu ya magoti. Chupa ilikuwa imejaa. Niliiona kwamba imejaa. Akaniangalia na akatabasamu na shavu moja imevimba, akatoa kijiwe, akanionyesha, akakirudisha.

Nikamukonyeza. Njo kitu nilifanya. Roho yangu ilijaa. Nikasema ndani, huyu ni mutoto wangu.

Tena nilikuwa nimesema garini, tukitoka Gisenyi, kwamba mutu asinywe sana juu hatutasimama kukojoa. Ni kitu kila mutu anasema safarini. Wote walinisikia, na yeye zaidi.

Tulifika Kigali mchana kabisa. Kwenye parki mustari ilikuwa inazunguka ukuta na kushuka mpaka barabarani, watoto wanalia, wanaume wameweka makartoni juu ya vichwa. Umurerwa akauliza: "Kaka, tunapita wapi?" Nikasema nyuma. Régis akazunguka. Nyuma kulikuwa ukuta mrefu na geti ya chuma kwa ajili ya magari ya takataka. Haina muti hata mumoja. Nikagonga. Mulinzi akafungua kidirisha.

"Niitie Bahizi."

"Bahizi nani?"

"Chef wako."

"Chef wangu ni mwanamuke," akasema, na akafunga.

Watu wangu wote walikuwa wameshuka. Walisimama nyuma yangu na mikate na mikeka, wananiangalia mugongo. Ningeweza kugeuka na kusema: haiko, twende kwa mustari kama watu wote, ao twende kutafuta kivuli. Nilichukua telefone nikaiweka kwa sikio. Haikuita mutu. Nikasema kwa nguvu, "Bahizi, tumefika, tuko nyuma. Eh. Eh. Hapana shida, tunangoja."

Nikawaambia anakuja.

Tulingoja. Geti ilikuwa inatoa joto kama jiko. Nilipiga tena ile simu. Nikacheka nayo. Verediane alikaa chini juu ya kapu. Umurerwa alikuwa ameenda na Shyaka kutafuta maji ya baridi ya kununua, aliniachia mutoto, na Igihozo akanivuta shati.

"Mujomba, miguu inauma."

"Kidogo tu. Anakuja."

Tena akasema mikono. Tena akaweka mukono juu ya kifua, juu alikuwa anatafuta pumzi na haimutoshe. Kijiwe ilitoka kinywani, ikaanguka juu ya robe. Alikuwa halie. Nilijua mutoto huyu akiumwa analia mpaka jirani wa tatu, na alikuwa halie.

Umurerwa alirudi, akaona mutoto. Alifungua chupa, ikamwagika, mutoto hawezi kumeza. Régis alikuwa amepeleka gari kutafuta nafasi, na barabara ya nyuma ilikuwa imezibwa na magari ya wageni. Umurerwa akafungua kitenge yake, akamufunga mutoto mugongoni, mutoto wa miaka tisa, miguu inaning'inia mpaka chini ya magoti ya mama yake, na akakimbia. Alikimbia kupanda ile mulima, katikati ya magari, viatu ameviacha. Shyaka alikimbia nyuma yake.

Mimi nilifika nyuma sana. Niliwakuta kwa lopitali tayari, mutoto na barakoa ya hewa, na nyayo za Umurerwa zimeacha damu juu ya sakafu ya sima.

Daktari aliuliza alikunywa nini leo. Umurerwa akaniangalia. Nikaangalia ukuta.

Jumatatu, 28 juli

Bado kwenye hewa ya mashine. Kifua.

Jumanne, 29 juli

Walitafuta damu ya kumuongezea mutoto. Nikasema mi niko na damu ya simba, wachukue yote. Walinipima tansion, presha ya damu, wakasema niende nikalale. Régis ndiye alitoa.

Jumatano, 30 juli

Asubuhi mukono wa Igihozo wa kuume, muguu wa kuume na uso upande ule havikuamka. Daktari anasema ni damu ilishindwa kupita kichwani. Inaweza kurudi, inaweza kubaki hivyo. Hasemi zaidi. Umurerwa hajasema na mimi neno tangu geti. Ananipitishia sahani kama mutu anapitishia mugeni.

Ijumaa, 1 ogosti

Nimerudi Gisenyi. Ndoa haingoje.

Jumamosi, 2 ogosti

Ndoa ya Mbugangari. Watu wamesikia, kila mutu anakuja na pole yake. Wakanipa bia. Niyonzima, yule wa kwaya mwenye sauti kubwa, akauliza: "Sasa kwa huo umati, mutoto alifika lopitali namna gani?"

"Alibebwa," nikasema.

"Na nani?"

Kinywa ilijibu. Nikaiacha ijibu.

Wakapiga kelele, mumoja akanishika mukono na mikono yake yote miwili. Kwa muda ule mudogo kifua yangu ilifunguka, nikapumua mara ya kwanza tangu jumamosi ile.

Jumanne, 5 ogosti

Joto. Vumbi.

Ijumaa, 15 ogosti

Sikukuu ya Maria kule Nyundo. Baada ya misa watu wanne tofauti walinisimulia vile nilikimbia. Kuna mwenye anasema nilivuka mto. Sikuweka mto pale, mto imejiongeza.

Epiphanie alisikia yote, amesimama na kitabu yake ya nyimbo. Tulipokuwa njiani akasema tu:

"Na simba ilikuwa wapi?"

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Ijumaa, 22 ogosti

Igihozo amerudi nyumbani. Muguu unatembea kwa kuvutwa. Mukono umekunjwa karibu na tumbo kama mutu anayeficha kitu. Sijaenda. Nilituma sukari.

Jumapili, 24 ogosti

Nilituma tena, sabuni na mchele. Shyaka alizirudisha. "Mama anasema iko nazo." Nikamuuliza, "Igihozo anasema nini?" "Anakuuliza." Nikamuuliza anauliza namna gani. "Anauliza tu, mujomba yuko wapi."

Jumamosi, 30 ogosti

Umuganda. Nilichimba mutaro.

Jumapili, 31 ogosti

Leo nimeenda. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua ya kwanza inafikiri.

Nyumba ilijaa watu wa kusalimia mugonjwa, kila mutu na maziwa ao fanta. Igihozo alikuwa kwenye kiti chenye mito, na kikombe ya maji kwa mukono wa kushoto. Aliponiona akainua kikombe.

"Mujomba. Angalia, nakunywa."

Nikasema naona. Nikakaa karibu na mulango. Umurerwa akaniletea chai, akaiweka mbele yangu, akaenda.

Ingekuwa hivyo mpaka mwisho. Lakini Niyonzima alikuwa pale, na Niyonzima hajui kunyamaza ndani ya nyumba yenye watu.

"Mama Shyaka, Mungu alikupa kaka," akasema. "Mwanaume wa umri ile, kukimbia na mutoto mugongoni mulima yote ile, bila viatu. Sisi vijana tungeanguka. Mbugangari yote tunaisema."

Wengine wakaitikia eh, eh. Viatu pia vilikuwa vimekuwa vyangu. Sikujua.

Umurerwa alikuwa anasimama na birika. Chini ya kandambili nyayo zake zilikuwa bado na makovu mekundu, mutu yeyote angeinama kidogo angeyaona. Shyaka aliinuka kwa kona, kinywa wazi, mama yake akamuangalia mara moja na kijana akakaa.

Igihozo aliniangalia mimi, tena mama yake. Ile siku hakujua kitu, macho yake yalikuwa yamegeuka.

"Mama, njo mujomba alinibeba?"

Mi nilikuwa na kinywa. Kinywa yenye haijawahi kukosa neno tangu nizaliwe. Nilikuwa na muda wa kusema, juu Umurerwa aliniachia. Aliningoja. Alisimama na ile birika na aliningoja mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye. Kunywa maji yako."

Mutoto akafurahi. Uso wake wote, ule upande unaosikia na ule usiosikia. Alikunywa kikombe yote, ananiangalia juu ya mudomo wa kikombe.

Nilipoaga, Umurerwa akajifunga kitenge anisindikize. Kila siku tunaishia kwa kona ya kinu. Leo alipita kona. Alitembea kando yangu, polepole juu ya miguu ile, mpaka mahali sauti haiwezi kurudi nyumbani.

"Dada," nikasema.

"Mutoto alikuwa anataka iwe wewe. Nilimuona. Toka lopitali anawaambia watu rafiki yako alikosa kuja kazini ile siku, si kosa yako. Basi nimekupa."

Matone ya kwanza yalianguka, makubwa, yanachimba vumbi.

"Nilikuuliza kama mulango iko," akasema. "Nilikuuliza vizuri."

"Nikuambie..."

"Usiniambie. Unajua kusema kuliko mimi, utasema na nitaamini tena." Alifuta maji usoni. "Kaka, hiyo nimekupa ni ya mwisho. Nyumbani kwangu haiko ingine. Usikuje kuitafuta."

Kwetu mwenye kusindikiza anasimama njiani mpaka mugeni wake apotee, hata kwa mvua, hata kama wamegombana. Baba alitufundisha hivyo, na mi njo nilimufundisha yeye.

Aligeuka wa kwanza.